Mnada wa intaneti: Faida ni ya wengi, hasara ni ya mmoja

KATIKA mnada wa mifugo wa Pugu, jijini Dar es Salaam, mnunuzi hanunui ng'ombe kwa kusikia habari zake. Humzunguka, humshika nundu, hutazama meno ili kukisia umri, na akiwa na shaka humtembeza hatua kadhaa aone kama anachechemea. Baada ya hapo ndipo anapotaja bei.

Mnada wa kwenye intaneti umeziondoa hatua hizo zote. Leo mfanyabiashara wa Makambako au mkulima wa Mbarali anaweza kuona kwenye simu yake kirikuu, trekta au pawatila iliyoko Japani, akataja dau lake kupitia wakala na kushinda kabla chai haijapoa. Asichoweza ni kuigusa. Muuzaji hamjui, wakala hajapata kumwona, na fedha inatangulia kuondoka kabla mali haijafika.

Swali linaloulizwa na wengi ni kama biashara hii inalipa. Jibu la kiuchumi ni kwamba inalipa, lakini kwa wastani. Na hilo neno wastani ndilo linalopaswa kumfanya mtu mwenye mtaji wa kununulia gari moja tu atulie na kufikiri.

Kwa nini bei ni nafuu

Tuanze na upande wa neema. Kirikuu tunayoijua sisi kwa kubebea nyanya na magunia ya mkaa ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa aina yetu. Ni gari dogo la mizigo ambalo sheria ya Japani, tangu mwaka 1990, inataka injini yake isizidi sentimita za ujazo 660, na wakulima wa huko hulitumia sana mashambani.

Wakulima hao sasa ni wazee. Mwaka 2020 wastani wa umri wa wanaotegemea kilimo hasa nchini humo ulikuwa unakaribia miaka 68. Wanapostaafu bila mtoto wa kurithi shamba, matrekta na magari yao huingia sokoni. Aidha, magari ya Japani hulazimika kupita ukaguzi wa serikali mara kwa mara, na ukaguzi huo una gharama. Wenyeji wengi huona ni heri kuuza gari ambalo kwetu bado lina miaka mingi ya kazi.

Kwa hiyo unafuu wa bei si hila. Mali ipo nyingi kule, wahitaji ni wachache kule, na sisi huku tunaihitaji. Hapo ndipo biashara yoyote ya halali inapozaliwa.

Mbuzi kwenye gunia

Hata hivyo, sehemu ya unafuu huo ni malipo ya hatari unayoibeba wewe. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika ambayo ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Hoja yake ni rahisi. Muuzaji anaujua ubovu wa gari lake, mnunuzi haujui. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kutofautisha zima na bovu, hutoa bei ya katikati. Bei hiyo humkatisha tamaa mwenye gari zima na humfurahisha mwenye gari bovu. Soko likiachwa hivyo, wema huondoka na wabovu hubaki.

Minada ya Japani inajaribu kuliziba pengo hilo kwa karatasi ya ukaguzi. Kwenye nyumba kubwa za minada kama USS, ambayo ina mnada mkubwa mjini Noda, mkoa wa Chiba, kila gari hukaguliwa na wakaguzi wa mnada wenyewe na kupewa alama. Gari la alama 4 au 4.5 ni zuri, 3.5 limechakaa kiasi, na herufi R humaanisha kwamba liligongwa na kutengenezwa. Mchoro wa gari huonyesha mikwaruzo kwa herufi A, mabonde kwa herufi U na kutu kwa herufi S. Mgeni haruhusiwi kuingia kununua moja kwa moja. Hupitia mwanachama aliyesajiliwa, na huyo ndiye wakala wako.

Karatasi hiyo ina thamani kubwa kuliko picha kumi. Ndiyo maana wadanganyifu huighushi au huificha. Wakala anayekutumia picha za kupendeza lakini anasitasita kuonyesha karatasi ya mnada yenye namba ya chesisi, anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Maneno matamu na sifa njema

Mnada wa eBay, ulioanzishwa Marekani mwaka 1995, uliwakutanisha watu wasiojuana kwa mamilioni. Dawa yake ilikuwa kuwaruhusu wanunuzi kumpa muuzaji alama baada ya biashara. Mwaka 2006 mtafiti Paul Resnick na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambalo bidhaa za aina moja ziliuzwa kwa jina la muuzaji mwenye sifa ya miaka mingi na kwa majina mapya. Mwenye sifa alipata bei ya juu kwa takriban asilimia 8. Maana yake, uaminifu ni mali, na mwenye nao hatauza kwa bei ya kutupa. Anayekuuzia kwa nusu ya bei ya wenzake hana sifa ya kuilinda.

Mwaka huohuo wachumi Ginger Jin na Andrew Kato walitoa utafiti wao kuhusu kadi za wachezaji zinazouzwa mtandaoni. Waligundua kwamba wauzaji waliojisifu kuwa kadi zao ni za ubora wa juu kabisa walilipwa zaidi, lakini kadi zao hazikuwa bora kuliko za wengine. Mnunuzi alikuwa amelipia maneno.

Jambo jingine ni homa ya mnada wenyewe. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa kampuni ya mafuta ya Marekani walieleza kwamba, pale ambapo washindani wengi wanakisia thamani ya kitu wasichokiona, anayeshinda mara nyingi ni yule aliyekisia juu kupita kiasi. Kwa hiyo andika dau lako la mwisho kwenye daftari kabla mnada haujaanza, na usilivuke. Gari jingine kama hilo litauzwa wiki ijayo.

Hesabu ya watu 20

Sasa tufanye hesabu. Takwimu hizi ni za mfano tu, ili kuonyesha njia. Wewe weka za kwako.

Tuseme kirikuu nzima kwenye yadi ya Dar es Salaam ni shilingi milioni 14. Kwa kununua mnadani, ukijumlisha bei, wakala, meli, kodi na gharama za bandari, inakufikia kwa milioni 11. Wananunua watu 20. Kati yao, 15 wanapata gari zima, wanne wanapata gari linalohitaji matengenezo ya milioni 3, na mmoja anatapeliwa asipate kitu.

Jumla ya fedha iliyotoka ni milioni 220 za manunuzi na milioni 12 za matengenezo, yaani milioni 232. Magari yaliyopatikana ni 19. Kila gari limegharimu takriban milioni 12.2. Bado ni nafuu kuliko yadi kwa karibu milioni 1.8.

Mwenye yadi anayeagiza magari 20 hupata wastani huo. Gari moja likipotea, mengine 19 yanalilipia, naye anaendelea na biashara. Lakini mkulima anayeagiza moja hapati wastani. Anapata gari zima, au gari bovu, au machozi. Na kama hizo milioni 11 ni mkopo wa SACCOS uliodhaminiwa na shamba, huyo mmoja aliyetapeliwa hakupoteza gari tu. Anaendelea kulipa rejesho la kitu ambacho hakikufika.

Ndiyo maana ushauri wa mwenye yadi, hata akiwa mkweli, haumfai mnunuzi wa mara moja. Wawili hawa hawabebi hatari sawa.

Fedha hupotelea wapi

Hasara kubwa mara nyingi haitoki kwenye injini, hutoka kwenye malipo. Kuna tovuti za kampuni hewa zenye picha zilizonakiliwa kwa wengine. Kuna pia wizi wa barua pepe: umeelewana na kampuni ya kweli, kisha unapokea ujumbe unaofanana na wake ukisema akaunti imebadilika. Ukilipa huko, kampuni haikupata na wewe hukupata.

Kanuni ni chache. Jina la akaunti liwe la kampuni, si la mtu binafsi, na benki iwe kwenye nchi ya kampuni hiyo. Akaunti ikibadilika, piga simu kwa namba uliyoipata mwanzoni, si iliyo kwenye ujumbe mpya. Uliza namba ya leseni ya kuuza vitu vilivyotumika, ambayo kila mfanyabiashara wa Japani wa magari ya aina hii hupaswa kuwa nayo. Angalia kama ni mwanachama wa JUMVEA, chama cha wasafirishaji wa magari yaliyotumika cha huko. Na inapowezekana, fedha ishikwe na mtu wa tatu, benki au mfumo wa malipo salama, hadi hati ya shehena itolewe.

Usijifariji kwamba sheria ipo. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, zote za mwaka 2015. Lakini kumfuata mtu wa nchi nyingine kwa ajili ya milioni 11 kunaweza kukugharimu zaidi ya hizo milioni 11.

Hesabu nyingine inayosahaulika ni ya kodi. Ushuru wa forodha hukokotolewa juu ya bei pamoja na nauli ya meli na bima, kisha VAT ya asilimia 18 huwekwa juu ya jumla hiyo na ushuru wake. Umri mkubwa wa gari huongeza mzigo. TRA pia ina makadirio yake ya thamani, na kikokotoo kipo kwenye tovuti yake. Kitumie kabla ya kutaja dau, si meli ikiwa imekwisha tia nanga. Kwa wasomaji wa Kenya, gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kabisa kuingizwa.

Chukueni somo la chai

Mnada wa chai wa Mombasa ulihamia kwenye mfumo wa kielektroniki mwaka 2020. Lakini wanunuzi wake hawakuacha kuonja. Sampuli huwafikia kabla ya siku ya mnada, na wanaouza na kununua ni wanachama wanaojulikana. Ikiwa mabingwa wa miaka mingi hawanunui chai bila kuionja, mkulima wa mpunga asinunue trekta bila kukaguliwa.

Turudi kwa watu wetu 20. Ukaguzi huru kabla ya kulipa, tuseme wa shilingi 200,000 kwa kila gari, ungewagharimu milioni 4 wote kwa pamoja. Ukizuia nusu tu ya yale matengenezo ya milioni 12, umekwisha jilipa. Kwa trekta, mwambie mkaguzi asome mita ya saa, awashe injini ikiwa baridi, ajaribu haidroliki na apige video yenye namba ya chesisi.

Lakini ukaguzi haumwokoi aliyetapeliwa. Hapo dawa ni umoja. Watu hao 20 wakikubaliana, kila mmoja akaweka milioni 1.15 kwenye mfuko wa pamoja, zinapatikana milioni 23: milioni 12 za kutengeneza magari manne na milioni 11 za kumrudishia aliyepoteza. Kila mmoja atakuwa ametoa milioni 12.15, bado chini ya bei ya yadi, na hakuna atakayeuza shamba. Sharti liwe moja: mfuko umlipe tu aliyetumia wakala na mkaguzi walioteuliwa na kikundi, la sivyo wazembe watawala waangalifu.

Vyama vya msingi, SACCOS na vikundi vya VICOBA vina uzoefu wa kukusanya fedha na kusimamiana. Kinachohitajika ni kuupanua uzoefu huo kutoka kukopeshana hadi kununua pamoja. Kikundi chenye oda 10 pia husikilizwa na wakala kuliko mtu mwenye oda moja, maana wakala anayetaka oda ya kumi na moja atailinda sifa yake.

Asiye na kikundi, wala uwezo wa kulipia ukaguzi, anunue yadi. Zile milioni 3 anazoongeza hazipotei bure. Anamlipa mwenye yadi kwa kubeba hatari ambayo yeye mwenyewe hawezi kuibeba, na tena anaruhusiwa kufungua boneti na kuliwasha gari kabla ya kutoa shilingi moja.