Ngazi za Maduka ya Zamani Mjini Garissa

Wasomaji wanaokaa Garissa wanazijua vizuri nyumba za orofa zilizo karibu na soko na kando ya Barabara ya Kismayu. Chini mna maduka ya nguo, ya vyombo na ya simu. Juu mna vyumba vya wageni, ofisi na ghala. Baina ya duka na duka pana mlango mwembamba, na ndani ya mlango huo ndimo ilimo ngazi. Nyumba nyingi za namna hiyo zilijengwa zamani, mji ulipokuwa mdogo, na kila mwenye kiwanja aliihesabu ardhi yake futi kwa futi kwa kodi atakayoipata. Ngazi hailipi kodi, basi ikapewa nafasi iliyosalia.

Kwa muda mrefu majengo ya Kenya yalifuata kanuni za mwaka 1968. Kanuni hizo zimepisha Kanuni ya Ujenzi ya Taifa ya mwaka 2024, iliyoanza kutumika mwezi wa Machi, 2025. Wako wenye nyumba wanaodhani ya kuwa jengo lililopata kibali zamani haliwezi kuulizwa tena. Hilo si kweli katika jambo la ngazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haiulizi jengo lina umri gani. Huuliza kama watu wanafanya kazi humo. Inataka ngazi iwe imara, itunzwe vema, na iwe na mkono wa kushikia. Duka ni mahali pa kazi, na mshona nguo aliye orofa ya pili na cherehani yake yuko kazini sawasawa na mtu wa kiwandani.

Kosa la kwanza katika ngazi za zamani halionekani kwa macho, bali huonekana kwa mguu. Mtu akipanda vipandio vitatu, mguu wake umekwisha kujifunza kimo chao, na kuanzia hapo hauangalii tena. Kipandio cha nne kikizidi kwa unene wa kidole, ncha ya kiatu hugonga, na mwenye mzigo kichwani huanguka nao. Jambo hili lilijulikana kale. François Blondel, mwalimu wa ujenzi wa Kifaransa, aliandika katika karne ya kumi na saba ya kuwa kimo cha kipandio kikihesabiwa mara mbili, kisha kikajumlishwa na upana wa pahali pa kukanyagia, jumla yake yapasa kulingana na hatua ya binadamu. Mafundi wangali wakiitumia hesabu hiyo. Huko Uingereza ngazi za majumba ya watu wote hutakiwa ziwe na vipandio vya kimo cha milimita 150 hadi 170, upana wa kukanyagia usiopungua milimita 250, na nafasi ya milimita 1,200 baina ya ukuta na ukuta.

Ajabu ni kwamba mara nyingi ngazi ilijengwa vizuri tangu mwanzo, ikaharibiwa na maendeleo. Mwenye duka huweka vigae vipya chini, sakafu ikapanda, na kipandio cha kwanza kikawa kifupi kuliko vingine. Mwingine huweka vigae juu, kwenye mlango wa ofisi, na huko kipandio cha mwisho kikazidi. Vigae vyenyewe hung'aa kama kioo, tena huteleza vikipata maji. Fundi akitumwa kuitengeneza ngazi ya namna hiyo, kazi yake ya kwanza ni kupima kila kipandio kwa futikamba na kuandika. Kuongeza zege kwenye kipandio kimoja tu ni kuhamisha kosa kutoka mahali pamoja kwenda pengine. Hana budi kuigawa tofauti hiyo katika ngazi nzima, na ikiwa zege jipya litakuwa zito, mhandisi aulizwe kwanza kama nondo za zamani zitaweza kulibeba.

Mkono wa kushikia ni jambo la bei nafuu, nalo ndilo lisilofanywa. Bomba la chuma, lililochomelewa na kufungwa ukutani kwa kimo cha kiasi cha milimita 900, laweza kuwekwa na fundi wa mjini kwa siku moja. Wateja wengi wa maduka ya juu ni akina mama waliovaa diraa au buibui refu, mkono mmoja ukishika upindo wa nguo na mwingine ukimshika mtoto. Mama huyo akikanyaga upindo wake, hana kitu cha kumzuia ila ukuta. Upande ulio wazi, nafasi kati ya chuma na chuma isipite milimita 100, maana kichwa cha mtoto mchanga hupita pasipodhaniwa.

Na taa? Katika mwezi wa Desemba, 2019, mtambo wa umeme wa jua wenye nguvu ya kiasi cha megawati 50 ulizinduliwa karibu na mji huu huu. Ni jambo la kuchekesha, kama si la kusikitisha, kwamba katika mji wenye jua la kuuza, mtu hupanda ngazi saa saba mchana akipapasa ukuta. Taa ndogo ya jua yenye betri yake ingetosha.

Lakini haya yote ni madogo mbele ya lango la chuma. Nyumba nyingi zina lango chini ya ngazi, nalo hufungwa kwa kufuli usiku kwa ajili ya wezi. Bawabu hushika ufunguo, kisha huenda kunywa chai. Juu yake wamelala wageni. Katika tarehe 25 Machi, 1911, kiwanda cha nguo cha Triangle huko New York kilishika moto, na wafanyakazi 146 wakafa, wengi wao wasichana. Mlango mmoja wa kwendea ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Wafanya biashara wa Garissa hawahitaji kuambiwa moto ni kitu gani, maana sehemu ya soko lao iliteketea katika mwezi wa Novemba, 2012. Lango lenye komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo humzuia mwizi aliye nje vilevile kama kufuli, na bei yake si kubwa.

Wala si lazima pawe na moto. Tarehe 3 Februari, 2020, watoto 14 wa Shule ya Msingi ya Kakamega walikufa kwa kukanyagana katika ngazi walipokuwa wakitoka shuleni jioni. Katika Garissa watu wa orofa zote hushuka pamoja kila Ijumaa adhana inapokaribia, nao hupita katika ngazi ambayo nusu yake imejazwa marobota ya nguo na mikebe ya mafuta.

Hapo ndipo penye shida ya kweli. Marobota yaweza kuondolewa leo, lakini ukuta hauondoki. Ngazi nyembamba iliyobanwa na maduka mawili haiwezi kupanuliwa ila duka moja litolewe, au ngazi ya pili ya chuma ijengwe nyuma, na huko nyuma mara nyingi ni kwa jirani. Fundi atasema, "Haji, bila duka hili hapana njia." Haji atajibu, "Fundi, duka hili ndilo linalolipa karo ya watoto." Wote wawili wanasema kweli. Hata hivyo hesabu ya Haji imesahau kitu kimoja: vyumba vyote vya juu hulipa kodi kwa sababu ya ngazi ile. Kama ukaguzi ukivifunga, duka moja alilolikataa kulitoa litakuwa limemgharimu orofa mbili. Jirani naye, ambaye nyumba yake ina kasoro ile ile, angeweza kushirikiana naye ngazi moja ya nyuma itumikie nyumba zote mbili, mapatano yakiandikwa mbele ya wakili na michoro ikapelekwa kwenye ofisi ya kaunti.

Mtu aliyeamua kujenga na afanye kazi nusu ya upana kwanza, usiku, ili watu wa juu wasikose njia, nayo nusu inayopitwa iwekewe kizuizi na taa. Maji ya visima vingi vya nchi ile yana chumvi, nayo hula nondo. Yatumiwe maji ya mfereji yatokayo Mto Tana. Jua la Garissa hukausha zege kabla halijapata nguvu, na nyufa zikaanza. Vipandio vipya vifunikwe magunia, na magunia hayo yaloweshwe asubuhi na jioni kwa muda wa siku 7, wala mtu yeyote asiruhusiwe kupitisha marobota juu yake, hata mwenye nyumba mwenyewe.