SHAMBA NA NYUMBA: Mbegu Igawanywe Kabla ya Mvua

Mwezi huu wa Oktoba jua la Tabora ni kali, miembe imejaa maembe mabichi, na moshi wa mashamba yanayosafishwa waonekana kila upande. Katika nyumba nyingi maongezi ya jioni ni yale yale: Mvua itaanza lini? Hakuna kati yetu awezaye kulijibu swali hilo kwa kutaja siku. Lakini liko swali jingine ambalo kila nyumba yaweza kulijibu sasa, kabla tone la kwanza halijaanguka, nalo ni hili: Mbegu iliyomo debeni itapandwa yote kwa siku moja na mahali pamoja, au itagawanywa? Hilo ndilo twataka kulizungumza mwezi huu.

Wazee wa Unyamwezi waliokuwa wapagazi hawakubahatisha majira. Katika karne ya 19 misafara yao mingi ilishuka pwani baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, na wengi walijitahidi kurudi kwao kabla kazi ya jembe haijaanza. Njia ile ya Tura, Rubuga na Kigwa hata Unyanyembe ilipimwa kwa mvua kuliko kwa maili. Aliyekosea hesabu alilipa. Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 alilikuta bonde la Makata, ambalo leo twaliita Mkata, katikati ya masika. Yeye na watu wake na punda wake walipita katika tope na maji, wakaugua sana. Burton na Speke walifika Kaze, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, wakakuta mahali penye vyakula vingi, na mpunga miongoni mwavyo, zao ambalo watu wa pwani na Waarabu walilipenda mno. Basi nchi yetu ilikuwa ghala la njia nzima, nayo ilikuwa ghala kwa sababu watu wake walijua kulima kwa kufuata mvua.

Mvua yetu ni ya namna gani? Huanza Novemba, hukoma Aprili au mapema Mei, na kwa mwaka wa kawaida Tabora hupata kadiri ya milimita 900 hata 1,000. Ukiitazama jumla hiyo utasema yatosha kabisa. Taabu yake ni mgawanyo. Mara nyingi Novemba huleta mvua moja au mbili nzuri, kisha jua juma zima au majuma matatu. Tena Januari au Februari hutokea kipindi kingine cha ukavu, mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Halafu Machi yaja maji mengi kwa pamoja, na mabonde yote yanayomwaga maji upande wa Wembere na upande wa Ugalla na Malagarasi hujaa. Mkulima yule yule aweza kulia kwa kiu Februari na kulia kwa mafuriko Machi, katika shamba lile lile.

Sisi wenyewe tulipatwa na jambo hili. Mwaka mmoja mvua ya kwanza ilinyesha usiku kucha, katika juma la pili la Novemba. Asubuhi tukatoka wote, wakubwa kwa wadogo, tukapanda mahindi yote tuliyokuwa nayo, hata punje moja haikubaki. Tulijiona watu hodari, maana jirani zetu walikuwa bado wanatazama mawingu. Mahindi yakaota vizuri, kisha jua likawaka siku ishirini na mbili. Tukauza mbuzi wawili ili tununue mbegu nyingine, tukapanda tena karibu na mwisho wa Desemba. Na sehemu ya chini ya shamba, tuliyoipenda kwa kuwa ina rutuba, ikasimama maji mwezi wa Machi mpaka mahindi yakawa manjano yakafa. Mwaka ule watoto wetu walikwenda shule na uji mwembamba, siku nyingine bila uji. Mama mmoja jirani yetu, ambaye shamba lake ni dogo kuliko letu, alitupa mihogo ya kuchimba kwa muda wa miezi miwili. Yeye alikuwa amepanda theluthi tu ya mahindi yake siku ile tuliyojisifu sisi.

Tangu hapo tumejifunza kuuliza ardhi kabla ya kuuliza mawingu. Tembeeni kutoka juu ya kilima hata bondeni, mtaona udongo wabadilika kwa utaratibu. Juu kuna mchanga mwepesi, ambao jirani zetu Wasukuma huuita luseni. Chini yake udongo huwa wa kijivu, na jembe likishuka kidogo hugonga tabaka gumu lisilopitisha maji; huo huitwa itogolo. Bondeni kabisa ni mbuga, udongo mweusi unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kushika miguu wakati wa masika. Mtaalamu mmoja wa udongo, Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani katika Usambara, alizunguka sehemu nyingi za Tanganyika kutoka Desemba 1935 hata Februari 1936. Mwaka 1935 yeye ndiye aliyeufundisha ulimwengu wa wataalamu kwamba udongo wa kilima na wa bonde umeungana kama pingu za mnyororo mmoja, na jina alilolitoa kwa Kilatini lina maana hiyo hiyo ya mnyororo. Bibi zetu wangemjibu kwamba wao walilijua jambo hilo kwa nyayo.

Basi nyumba yenye busara haitafuti shamba moja zuri, bali hutafuta vipande vidogo katika mnyororo huo. Juu kwenye mchanga weka mihogo, karanga, njugu mawe na uwele. Mvua ikizidi, maji hupita chini upesi, nayo mimea haizami. Katika mteremko weka mahindi, mtama na viazi vitamu, na matuta yakate mteremko, yasishuke pamoja nao. Tumeona mashamba ambayo matuta yake yaelekea bondeni kama njia za ng'ombe. Mvua kubwa moja huyageuza kuwa vijito, na samadi ya mwaka mzima huenda kumrutubisha jirani wa chini. Tuta lililokingamana na mteremko hufanya kazi mbili: hushika maji siku za ukavu, na huinua mizizi siku za maji mengi.

Penye itogolo pana majaluba ya mpunga. Kingo za majaluba hunasa maji yanayoteremka kutoka kilimani, na lile tabaka gumu huyazuia yasizame. Hapo ndipo mahali pa mpunga. Lakini hata huko msimwage mbegu yote katika kitalu kimoja. Miche hupandikizwa vizuri ikiwa na majuma matatu au manne. Mvua ya kujaza majaluba ikichelewa, miche huzeeka kitaluni. Afadhali vitalu viwili vilivyopishana kwa majuma mawili. Kimoja kikizeeka, cha pili kipo. Tena kumbukeni kwamba mpunga hupenda kusimama majini, haupendi kufunikwa. Ukizama wote, majani na yote, kwa zaidi ya juma moja, hudhoofika, na mara nyingi hufa. Kwa hiyo majaluba yaliyo karibu na mto yasibebe tegemeo lote la nyumba, hata kama mwaka jana yalizaa kuliko yote.

Na ile mbuga nyeusi, iliyokuwa ziwa mwezi wa Machi? Wengi huiacha baada ya mafuriko, wakisema mwaka umekwisha. Watu wa Igunga na Nzega hawasemi hivyo. Maji yakipungua, hupanda dengu katika unyevu uliobaki, nazo hukomaa bila kutegemea mvua nyingine. Maji yaliyoharibu zao la kwanza ndiyo yanayolisha zao la pili. Lakini dengu hazipandwi kwa majuto, zapandwa kwa mbegu. Na mbegu hiyo ni lazima iwe imewekwa tangu sasa, Oktoba, katika chombo kilichofungwa, na mtu aliyepewa kazi ya kuilinda asiipike.

Sasa tufanye hesabu, maana walimu wanapenda hesabu. Tukiweka nusu kilo ya nafaka kwa mtu kwa siku, nyumba ya watu sita yataka kilo tatu kila siku, yaani kilo 1,095 kwa mwaka, gunia kumi na moja hivi za kilo mia. Anzeni na tumbo, kisha mrudi nyuma hata shambani. Ni kiasi gani cha chakula hicho kitatoka mahali ambapo ukavu hauui, na kiasi gani mahali ambapo maji hayaui? Mkiona kwamba gunia zote kumi na moja zinategemea mahindi ya mteremko na mpunga wa bondeni, hapo hamna mpango, mna matumaini tu.

Twajua mtatujibu: Mpunga na mahindi vina soko, na uwele hauna. Ni kweli. Tena iko sababu nyingine ambayo wasemaji wa mikutano huisahau: ndege. Kweleakwelea hushuka juu ya uwele na mtama kama wingu, na zamani watoto walikaa shambani mchana kutwa kuamia ndege. Sasa watoto wako shuleni, na sisi hatutaki watoke. Kwa hiyo hatuwaambii mlime ekari mbili za uwele. Twawaambia msiing'oe mihogo. Mihogo haina haja ya kuamiwa, hungoja udongoni mpaka itakapotakiwa, na ukavu wa Januari huivumilia. Robo tatu ya ekari ya mihogo iliyopandwa mwaka huu ni chakula cha miezi ya njaa ya mwaka ujao. Pamoja nayo wekeni viazi vya kufanya michembe na matobolwa, vikauke vizuri kabla ya mvua ya pili.

Asidhani mtu kwamba kupanga vibaya ni ujinga wa mkulima mdogo peke yake. Mwaka 1946 watu watatu kutoka Uingereza walizunguka Afrika ya Mashariki kwa majuma tisa tu, sehemu kubwa kwa ndege, wakatoa shauri la kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni tatu. Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, na hesabu ilianza na upungufu huo, haikuanza na mvua. Kazi ilianza mwaka 1947 Kongwa, kisha Urambo wetu hapa na Nachingwea. Kongwa ukavu ulipokuja, udongo ukawa mgumu kama saruji hata karanga hazikuchimbika. Mwanzoni mwa mwaka 1951 shauri lile liliachwa, baada ya kupotea kadiri ya pauni milioni 36. Urambo baadaye ikageukia tumbaku. Matrekta yale yangeweza kulima nchi nzima, wala hayakuweza kuleta mvua moja ya Februari.

Siku hizi tuna msaada ambao wapagazi hawakuwa nao. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu wa Novemba hata Aprili, nao husomwa redioni na kufika katika simu. Sikilizeni kwa makini maneno yenyewe. Wakisema "juu ya wastani", hawasemi kwamba shamba lako halitapata ukavu. Wanasema juu ya jumla ya mvua ya eneo kubwa kwa miezi yote. Katika msimu wa mvua wa 1997 hata 1998 mvua za El Niño zilivunja barabara na reli sehemu nyingi za Tanzania, na mwaka uliotangulia watu walikuwa wamepata ukame. Mwaka wa utabiri wa mvua nyingi, ongezeni majaluba ya juu na mpunguze yale ya karibu na mto. Mwaka wa utabiri wa mvua chache, ongezeni mtama na karanga, na muweke mahindi yanayokomaa upesi. Mihogo haiongezwi wala haipunguzwi. Hiyo hukaa mahali pake kila mwaka.

Na siku ya kupanda ikifika, msipande kwa kelele za radi. Chimbeni kwa jembe. Mkikuta unyevu umeshuka kina cha shibiri, pandeni theluthi ya mahindi. Mkikuta vidole vinne tu, rudini nyumbani mkanoe majembe. Theluthi ya pili ifuate baada ya siku kumi au kumi na nne, na ya tatu ibaki debeni mpaka mwisho wa Desemba. Ikiwa zile mbili zimesimama vizuri, theluthi ya mwisho ni pilipili juu ya chakula. Mwaweza kuipanda, kuiuza au kumpa jirani aliyepanda yote kwa siku moja.

Walimu tunawaomba jambo moja. Kila shule iweke kipimo cha mvua, hata kopo lenye pande zilizonyoka na ukubwa mmoja juu na chini, mbali na miti na mapaa, na mtoto mmoja alisome kila siku saa tatu asubuhi kwa rula. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Waulizeni watoto mvua ya milimita 50 juu ya ekari moja ni lita ngapi. Watapata zaidi ya laki mbili, na wataelewa kwa nini bonde hujaa usiku mmoja. Tarakimu za Novemba zikiandikwa kwa uangalifu, tuleteeni. Tutazipanga pamoja hapa, Urambo karibu na Sikonge, Nzega karibu na Igunga, ili kila nyumba ione mvua ilivyonyesha kwa jirani.

Mwezi ujao tutasema juu ya vijiti vya mihogo, na namna ya kuvichagua visivyo na ugonjwa wa majani.