Kutoka Blatten hadi Chamoli: milima ya baridi inashuka kupitia mito, lakini nani anaipima?

Tarehe 28 Mei 2025, saa za mchana, barafuto ya Birch iliporomoka juu ya kijiji cha Blatten, katika jimbo la Valais, kusini mwa Uswisi. Kwa muda mfupi karibu asilimia 90 ya kijiji ilifunikwa na barafu, mawe na matope. Wakaaji wapatao 300 walikuwa wamekwisha kuondolewa siku 9 kabla. Aliyekufa ni mtu mmoja.

Miaka 4 nyuma, tarehe 7 Februari 2021, ukuta wa mlima Ronti uliporomoka katika wilaya ya Chamoli, jimbo la Uttarakhand, kaskazini mwa India. Huko hakuna aliyekuwa ameondolewa. Watu 204 walikufa au walipotea, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa mabwawa mawili ya umeme.

Misiba hii miwili ina asili moja: mlima wa baridi uliopoteza uimara wake na kushuka bondeni kupitia mto. Lakini idadi ya waliokufa inaachana mno. Sehemu kubwa ya jibu iko katika kazi ambayo haisikiki sana kwenye habari: kupima mchanga, matope na mawe yanayotembea ndani ya mito ya milima ya barafu, na kufuatilia jinsi ardhi inavyobadilika kandokando yake.

Mto haubebi maji tu

Wataalamu huita mzigo huo mashapo, yaani kila kitu ambacho maji yanakokota: udongo laini unaoelea, mchanga, changarawe, hadi mawe makubwa kama nyumba. Katika nchi za joto mashapo mengi yanatoka kwenye mashamba na miteremko iliyokatwa miti. Katika milima ya baridi, barafu ndiyo inayotawala kazi hiyo, na inaifanya kwa namna mbili.

Kwanza, barafuto, ambayo ni barafu nzito inayoteremka polepole mwaka hadi mwaka, inasaga mwamba ulio chini yake kama jiwe la kusagia. Pili, katika sehemu ambapo ardhi imeganda mwaka mzima, barafu iliyo ndani ya nyufa inashika mawe pamoja kama saruji. Joto linapopanda, barafuto inarudi nyuma na kuacha marundo ya mawe na udongo ambayo hayajafungwa na kitu chochote. Ile saruji nayo inayeyuka. Mteremko uliosimama kwa maelfu ya miaka unabaki bila nguzo.

Mwaka 1972 watafiti wawili wa Kanada, Michael Church na June Ryder, walieleza kwamba nchi iliyoachwa na barafu haitulii mara moja. Inaendelea kumwaga mashapo kwa muda mrefu, kwa kuwa mito inabeba kidogo kidogo vile ambavyo barafu iliacha. Mwaka 1989 Church na mwenzake Olav Slaymaker walionyesha kwamba mito ya British Columbia bado inabeba mzigo wa kipindi cha barafu kilichokwisha zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Kwa maneno mengine, barafu huacha deni, na mito ndiyo inayolilipa, hata kama mwenye deni aliondoka zamani.

Kinachotisha sasa ni kwamba deni jipya linafunguliwa mbele ya macho yetu, Alps, Himalaya, Andes, Alaska na Siberia, kwa wakati mmoja.

Mzigo unakua haraka kuliko maji

Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha utafiti juu ya mito 28 ya milima mirefu ya Asia, ile inayoanzia juu kabisa ambako hakuna mabwawa makubwa ya kuvuruga vipimo. Kwa wastani, katika miaka 60 hivi, maji ya mito hiyo yaliongezeka kwa asilimia 5 hivi kila miaka 10. Mashapo yaliongezeka kwa asilimia 13 hivi kila miaka 10.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo. Mhandisi anayejenga bwawa kwa kutumia vipimo vya miaka ya 1970 anaweza kukosea kidogo juu ya maji, lakini anakosea vibaya juu ya matope. Ziwa la bwawa lake litajaa mchanga mapema kuliko alivyopanga. Punje ngumu za mchanga zitakwangua mashine za kuzalisha umeme. Kituo cha Nathpa Jhakri kwenye mto Satluj, chenye uwezo wa megawati 1,500, kimelazimika mara kadhaa kuzimwa wakati wa mvua kwa sababu maji yamejaa matope kupita kiasi.

Kupima mzigo huo si kazi rahisi. Njia ya zamani ni kuchota maji kwa chupa, kuyachuja na kupima uzito wa udongo uliobaki. Siku hizi kuna vifaa vinavyosoma uchafu wa maji kwa mwanga saa 24. Mawe yanayobingirika chini ya mto hayachoteki kwa chupa, ndiyo maana Uswisi wameweka sahani za chuma kwenye sakafu ya mito na vifaa vinavyosikiliza kila jiwe linapogonga. Kwa miteremko kuna rada na satelaiti zinazolinganisha sura ya mlima wiki hadi wiki. Na kwa historia ndefu, watafiti wanatoboa sakafu ya maziwa ya milimani, ambako matope ya kila mwaka yamelala tabaka juu ya tabaka kama kurasa za daftari.

Shida ni kwamba mafuriko makubwa kuliko yote, yale yanayoweza kubeba mzigo wa miaka mingi kwa siku moja, ndiyo yanayong'oa vifaa. Kipimo kinapotea saa ile kinapohitajika zaidi.

Chamoli na Sikkim: mabwawa njiani mwa mlima

Huko Chamoli, kilichoshuka kilikuwa mita za ujazo milioni 27 hivi, sehemu 8 kati ya 10 zikiwa mwamba na 2 barafu. Kikundi cha watafiti zaidi ya 50 kilichoongozwa na Dan Shugar wa Chuo Kikuu cha Calgary kilieleza kwamba msuguano wa anguko lenyewe, zaidi ya mita 1,800 kwenda chini, uliyeyusha karibu barafu yote. Mwamba mkavu uligeuka uji wa mawe na maji uliopita kwenye mito Rishiganga na Dhauliganga. Bwawa dogo la Rishiganga la megawati 13.2 lilifagiliwa. Lile la Tapovan Vishnugad, la megawati 520, lilikuwa bado linajengwa, na wafanyakazi walinaswa ndani ya mahandaki.

Picha za satelaiti zilizopitiwa baada ya msiba zilionyesha kwamba ufa kwenye ukuta ule ulikuwa umeanza kupanuka miaka kadhaa kabla. Onyo lilikuwepo, lakini hakuna aliyepewa kazi ya kulitazama.

Jirani na bwawa hilo kuna kijiji cha Raini, ambako mwaka 1974 akina mama wakiongozwa na Gaura Devi waliikumbatia miti ili isikatwe, tendo lililoipa nguvu harakati ya Chipko. Wakaaji wake wamekuwa wakilalamikia ujenzi wa umeme katika bonde lao kwa miaka. Walijua mlima wao. Hawakuwa na kipimo cha kuweka mezani.

Usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Oktoba 2023 ikawa zamu ya Sikkim, jimbo jingine la India. Mita za ujazo milioni 14.7 za tuta la mawe lililoganda ziliangukia ziwa la South Lhonak na kuinua wimbi la karibu mita 20. Maji yaliyotoka, mita za ujazo milioni 50 hivi, yalichimba bonde la mto Teesta na kung'oa mashapo ya mita za ujazo milioni 270 hivi, yaani zaidi ya mara 5 ya maji yenyewe. Bwawa la Teesta III huko Chungthang, lenye mashine za megawati 1,200, lilivunjika. Watu 55 walikufa na 74 walipotea. Athari zilifika hadi Bangladesh.

Ziwa hilo lilikuwa limetajwa kuwa hatari miaka mingi kabla. Septemba 2023, wiki chache tu kabla ya msiba, vifaa vya kwanza vya kulifuatilia vilikuwa vimewekwa, lakini mfumo wa kuwaonya watu ulikuwa haujakamilika. Na Januari 2025 kamati ya wataalamu ya wizara ya mazingira ya India ilipendekeza bwawa lijengwe upya, mara hii kwa zege na kwa urefu wa karibu mara mbili ya lile la kwanza. Ukuta mrefu zaidi unaweza kuhimili maji mengi zaidi. Swali ambalo ukuta peke yake haulijibu ni kiasi gani cha mlima kimebaki kulegea huko juu.

Uswisi si muujiza

Ni rahisi kusema kwamba Blatten iliokolewa na fedha. Ni kweli kwa sehemu. Lakini barafuto ya Birch ilikuwa ikifuatiliwa tangu miaka ya 1990, wakati ambapo ilikuwa habari ya wenyeji tu. Mei 2025, mwamba wa Kleines Nesthorn ulipoanza kumwagika juu yake na kuilemea, rada na kamera zilionyesha mwendo wake unaongezeka siku hadi siku. Waliotoa amri ya kuondoka walikuwa na namba mkononi, na wakaaji walikuwa na sababu ya kuwaamini.

Hata hivyo kipimo hakitoi uhakika wote. Agosti 2017, katika Uswisi hiyohiyo, mita za ujazo milioni 3 hivi za mwamba zilianguka kutoka Piz Cengalo, mlima uliokuwa tayari unafuatiliwa. Kijiji cha Bondo kilipata onyo na watu wakaondoka. Watalii 8 waliokuwa wakitembea bondeni hawakurudi. Na Blatten yenyewe ilipoteza nyumba zake: mawe yaliziba mto Lonza, likafanyika ziwa, na nyumba zilizokuwa zimepona zikazama. Kupima kuliokoa roho za watu, wala si kijiji.

Na sisi?

Msomaji wa Goma au wa Beni anaweza kuuliza habari hizi za theluji zinamhusu nini. Zinamhusu kwa njia ya Rwenzori. Mlima Stanley, wenye kilele cha Margherita cha mita 5,109, uko kwenye mpaka wetu na Uganda, na upande wetu umo ndani ya hifadhi ya Virunga. Mtemi wa Abruzzi alipoupanda mwaka 1906, barafu ya Rwenzori ilikuwa na ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 7. Leo haifiki kilometa 1. UNESCO ilitangaza mwaka 2022 kwamba barafu ya mwisho ya Afrika huenda itakuwa imekwisha ifikapo mwaka 2050.

Tusichanganye mambo. Barafu iliyobaki Rwenzori ni ndogo mno kuleta msiba wa aina ya Chamoli. Mafuriko ya mto Nyamwamba yaliyopiga Kasese, Uganda, mwaka 2013 na tena mwaka 2020 yalitokana na mvua kubwa. Msiba wa Kalehe wa Mei 2023, uliofagia Bushushu na Nyamukubi na kuua watu zaidi ya 400, ulitokana pia na mvua juu ya miteremko mikali. Lakini waliofika Kasese na Kalehe waliona kitu kilekile: kilichobomoa nyumba hakikuwa maji matupu. Yalikuwa mawe na matope.

Kwa hiyo somo la mito ya baridi linatufikia bila kupitia barafu. Sote tunahesabu mvua, na mara nyingine tunahesabu maji ya mto. Mzigo ulio ndani ya maji hatuuhesabu, wala miteremko inayousubiri. Picha za satelaiti za Ulaya zinazoonyesha ardhi inavyosogea zinapatikana bila malipo, na chupa ya kuchotea maji haina bei kubwa. Kinachogharimu ni mtu wa kuchota kila siku kwa miaka 20, mtu wa kuzitazama picha kila wiki, na ofisi itakayomsikiliza atakaposema kwamba ufa umepanuka.

Blatten walikuwa na watu hao watatu. Raini walikuwa na wakaaji wanaojua mlima wao, bila mtu wa kuwasikiliza. Kabla ya kutia saini bwawa lingine au kugawa viwanja kandokando ya mto mwingine, mashariki mwa DRC ingefaa ijiulize iko upande gani kati ya hiyo miwili.