Alifika Marekani Wala Hakushuka

Mwajua maneno ya sokoni. Kijana akirudi kutoka kazi ya meli za shehena na kusema, "Tulikaa siku tatu katika bandari ya Houston, wala sikukanyaga nchi," watu humcheka. Ati basi huko Marekani aliona nini? Lakini huenda asema kweli tupu, tena kweli hiyo yafaa wazazi waijue kabla ya kuuza ng'ombe kwa ajili ya safari ya mtoto.

Sisi wa Bulyaga mipaka twaijua. Anayeshuka Kasumulu kwenda Karonga huonyesha hati yake, hugongewa mhuri, akavuka. Mambo ya baharia ni mengine, kwa maana meli ndiyo inayovuka, naye yumo ndani yake. Nahodha hutoa orodha ya mabaharia wote, na maofisa wa uhamiaji huikagua pamoja na hati za kila mmoja. Mkataba uliofanywa London mwaka 1965, na kurekebishwa mara nyingi tangu hapo, wasema kwamba baharia mgeni aruhusiwe kushuka meli yake ikiwa bandarini, isipokuwa pana sababu ya afya au usalama, wala asidaiwe viza kwa matembezi hayo. Nchi nyingi za Ulaya humwachia baharia mwenye hati zake atembee katika mji wa bandari na miji jirani.

Marekani imo katika mkataba huo, lakini kwa jambo hili yashika sheria yake yenyewe. Yataka kila baharia awe na viza yake, ile ya herufi D. Zamani iliwezekana kutoa viza moja juu ya orodha ya majina ya meli nzima. Desturi hiyo ilikomeshwa mwaka 2004. Na hata mwenye viza humngoja ofisa wa bandarini, ambaye akikubali humpa ruhusa isiyozidi siku 29. Asiye na viza hubaki melini akitazama taa za mji. Akitoroka, wenye meli waweza kutozwa faini, na kwa hiyo pengine huwekwa walinzi ngazini. Mimi naona ni ukali: mtu amewaletea mizigo yao, naye hawezi kwenda dukani kununua sabuni!

Mwaka 2020, wakati wa korona, nchi nyingi zilifunga milango hata kwa mabaharia waliomaliza mikataba yao. Ilikadiriwa kwamba kama watu 400,000 walikwama melini.

Sasa habari ya fedha, maana hapo ndipo nyumba zinapobomoka. Huja mtu kutoka mjini na karatasi zenye mihuri mizuri, akadai fedha za viza na fedha za "kumwingiza kijana melini." Msimpe. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2019, wakataza kumtoza baharia malipo ya kutafutiwa kazi. Yeye aweza kulipia cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti, basi. Viza ni juu ya mwenye meli. Nauli ya kumrudisha nyumbani mkataba ukiisha nayo ni juu ya mwenye meli. Mwenye mashaka na wakala na aulize TASAC, shirika la serikali linaloshughulika na meli na mabaharia, kabla ya kutoa hata shilingi.

Majuzi baba mmoja aliniletea karatasi ya namna hiyo nimsomee. Iliahidi kwamba kijana atapata viza ya baharia, kisha akifika Marekani atashuka na kuajiriwa kiwandani. Nilimweleza kwamba viza ya D haimruhusu mtu kufanya kazi kiwandani hata siku moja. Ng'ombe yungali zizini.