Kabla ya mtaji, angalia mtaani kwako

Mzazi wa Mbagala au Tandale anayetamani biashara huanza na swali la mtaji. Aanze na hili: majirani wanakosa nini?

Hayati Reginald Mengi alikuwa mhasibu Dar es Salaam. Kalamu zilipoadimika nchini, alianza kuziunganisha nyumbani kwake. Hakusubiri kujenga kiwanda.

Nawe, kama watoto wa mtaani kwako wanakwenda shule alfajiri bila chai, vitumbua vya kilo moja ya mchele vinatosha kwa kujaribu.

Ujasiri si kuchukua kodi ya nyumba au ada ya mtoto. Anza na kiasi ambacho kikipotea, watoto bado watakula. Fedha ya biashara iwe na kopo lake na daftari lake.

Biashara ikishika, ungana na wenzako. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kuvikopesha vikundi bila riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Muulize ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako, na uende na lile daftari. Hesabu za miezi mitatu zitakusemea vizuri kuliko maneno.