Meli za Doria si Siri ya Wakubwa

Kila serikali inapoagiza meli ya kivita, husikika neno moja: usalama wa taifa. Likishatamkwa, mwananchi hutakiwa anyamaze. Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 227 cha Katiba ya 2010 chataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa wazi, wa ushindani na usiofuja fedha.

Tunayo sababu ya kuuliza. Mkataba wa meli ya Jasiri ya Jeshi letu la Wanamaji ulitiwa saini mwaka 2003, kwa bei iliyotajwa kuwa shilingi bilioni 4.1. Meli ikaundwa Uhispania, ikakwama huko kwa mzozo wa mkataba huo, hata ikawasili Mombasa mwaka 2012. Miaka tisa!

Meli ya doria haipimwi kwa ukubwa wa mizinga. Hupimwa kwa siku inazoweza kukaa baharini, mafuta inayotumia, vipuri vyake na mabaharia waliofunzwa. Eneo letu la kiuchumi lafika maili 200 za baharini kutoka pwani. Meli iliyofungwa gatini kwa kukosa mafuta haimzuii mwizi wa samaki.

Njia za doria na mawasiliano ya jeshi na ziwe siri. Bei, muuzaji na sababu ya kumchagua si siri. Bunge lielezwe kabla ya saini kutiwa. Watatujibu kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hatuombi usukani. Twadai hesabu ya chombo tulichokilipia.