Rangi Si Pambo la Chuma

Wapo watu, tena wengi, waaminio kwamba kitu kikubwa cha chuma hujengwa na wahandisi peke yao, halafu siku ya mwisho huitwa mtu mwenye ndoo ya rangi aje kukipamba kama bibi harusi. Ukiwauliza ni rangi gani itakayopakwa, hukujibu, "Yoyote itakayopendeza." Imani hiyo naipinga, na nitaipinga kwa mfano ambao wazee wenzangu huenda wakaustaajabia: rolakosta, yaani yale magari ya reli katika bustani za starehe za ng'ambo, yanayopandishwa juu ya mlima wa chuma kisha yakaachiliwa yateremke yenyewe huku waliomo wakipiga mayowe.

Sijawahi kuipanda, na kwa umri wangu huu wa miaka 70 na ushei sina nia hiyo. Lakini mwalimu hangoji kuumwa na nyoka ndipo afundishe habari za sumu. Mjukuu wangu, ambaye anasomea uhandisi Marekani, huniletea picha na vitabu vya mambo hayo, nasi tumekwisha kubishana sana. Yeye husema, "Babu, rangi haina uzito. Kwenye hesabu zetu haimo." Mimi nasema imo, ila aliyefundishwa hesabu hizo hakuonyeshwa mahali pa kuitafuta.

Hebu tuanze na umbo, maana rangi haiwezi kuzungumzwa mbali na umbo. Rolakosta za zamani zilikuwa za mbao. Mwaka 1959, katika bustani ya Disneyland huko California, ilifunguliwa ile iitwayo Matterhorn, ambayo reli zake ni mabomba ya chuma cha pua. Bomba hupindika upande wowote fundi atakao, na hapo mlango wa maumbo mapya ukafunguka. Kabla ya hapo, mwishoni mwa karne ya 19, watu wa Coney Island, New York, walikuwa wamejaribu kumpindua abiria kichwa chini miguu juu katika duara kamili. Abiria waliumia shingo. Sababu yake ni wazi: gari likiingia kwa kasi katika duara kamili, mwili huelemewa ghafla, bila kupewa nafasi ya kuzoea. Mwaka 1976, katika rolakosta ya Revolution huko huko California, Wajerumani wawili, mjenzi Anton Schwarzkopf na mhandisi Werner Stengel, waliliacha duara. Kitanzi chao ni kipana pale chini ambapo gari lina kasi, na chembamba kule juu ambako kasi imepungua, mfano wa tone la maji. Kila alitazamaye umbo lile hulisifu kwa uzuri. Nami nasema: umbo lililolipendeza jicho ndilo lililoinusuru shingo. Uzuri na usalama walilala tumbo moja.

Basi ikiwa hivyo ndivyo kwa umbo, kwa nini rangi ihesabiwe mtoto wa kambo?

Kazi ya kwanza ya rangi ni kuwa ngozi ya chuma. Mtu yeyote wa pwani anajua chumvi ya bahari inavyokitafuna chuma kilichoachwa uchi; hana haja ya kusimuliwa. Rangi pia huamua chuma kitapata joto kiasi gani. Anayebisha na aguse bati jeusi saa sita mchana, kisha aguse bati jeupe, halafu turudi mezani. Reli ya chuma ya urefu wa mita 100, joto lake likipanda kwa nyuzi 30, hurefuka kwa sentimita tatu na nusu hivi. Mhandisi hulazimika kuuacha mwanya wa kurefuka huko, na anayechagua rangi nyeusi kwa nchi ya jua kali ameongeza joto hilo kwa mkono wake mwenyewe. Je, hiyo si hesabu? Mjukuu wangu hapo hunyamaza, ingawa si kwa muda mrefu.

Kazi ya pili ni kumfichua mgonjwa. Rangi nyepesi huionyesha alama ya kutu na mstari wa ufa. Rangi ya giza huusitiri ufa kama usiku unavyomsitiri mwizi. Mwezi Juni mwaka 2023, katika bustani ya Carowinds iliyoko kwenye mpaka wa Carolina ya Kaskazini na ya Kusini, mgeni mmoja alitazama juu akaona nguzo ya rolakosta ya Fury 325 imepasuka, na gari linapopita, nguzo ikiachana. Rolakosta ile ina urefu wa mita 99 kwenda juu. Ilifungwa, nguzo ikabadilishwa, na watu wakaanza kuipanda tena mwezi Agosti. Sisemi kwamba rangi ndiyo iliyoivunja nguzo ile, wala kwamba rangi ndiyo iliyowaokoa watu. Nasema jambo moja tu: ufa ule uliokolewa na jicho la mtu aliyesimama chini. Kwa hiyo yeyote achoraye kitu kama hicho ana wajibu wa kulisaidia jicho, na msaada wa kwanza wa jicho ni rangi.

Kazi ya tatu ni kuheshimu mahali. Abiria hukaa kwenye rolakosta dakika mbili tatu, lakini chuma chenyewe husimama miongo mizima mbele ya macho ya watu ambao hawakununua tikiti. Katika bustani ya Cedar Point, jimbo la Ohio, kando ya Ziwa Erie, ilifunguliwa mwaka 2000 rolakosta ya Millennium Force yenye kimo cha mita 94. Reli zake ni za buluu. Mlima mzito wa chuma ukafanywa jamaa wa maji na mbingu. Katika bustani hiyo hiyo ilikuwapo tangu mwaka 1989 Magnum XL-200, yenye reli nyekundu, wala hazigombani. Huko San Francisco nako, daraja la Golden Gate lililofunguliwa mwaka 1937 lingeweza kupakwa mistari myeusi na ya manjano kama walivyotaka wanamaji wa Marekani. Msanifu Irving Morrow akashikilia rangi ile ya chungwa jekundu, ambayo huafikiana na vilima vya pale na bado huonekana katika ukungu. Leo nani anaweza kulifikiria daraja lile kwa rangi nyingine?

Nayajua majibu ya wapinzani wangu. Wafanyabiashara watasema kwamba mteja amelipa ili aogopeshwe, kwa hiyo mpe weusi na damu. Watanitajia Nemesis ya Alton Towers, Uingereza, ambayo mwaka 2024 ilifunguliwa upya ikiwa na reli nyeusi zenye mishipa myekundu. Sina ugomvi nayo. Nemesis ilipojengwa mwaka 1994 haikuruhusiwa kupita vilele vya miti, basi ikachimbiwa shimo katika mwamba. Weusi katika shimo, chini ya mawingu ya Uingereza, una maana yake. Ugomvi wangu ni na yule atakayeuiga weusi huo na kuupeleka jangwani kwa sababu ameuona pichani. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini akabidhiwe kazi ya kujenga?

Wengine watasema, "Tuanze na yoyote, tutabadilisha baadaye." Maneno mepesi! Kubadilisha rangi ya kitu chenye mita 90 ni kuwaning'iniza watu kwa kamba juu ya vilele vyake, wakwangue, wasafishe, wapake rangi ya msingi, kisha warudie tabaka juu ya tabaka. Jua nalo halingojei bajeti: rangi nyekundu iliyochaguliwa ovyo hupauka ikawa ya waridi iliyochoka. Kuchagua vema mara ya kwanza ni bei nafuu kuliko kujuta kwa ndoo.

Lakini kosa hili halikuanzia Ohio wala Uingereza. Lilianzia darasani. Miaka niliyofundisha walimu, niliona kila ratiba ilipobana, kipindi cha uchoraji ndicho kilichokatwa kwanza, na hakuna aliyelia. Tukawagawa watoto: huyu wa sayansi, huyu wa sanaa, kana kwamba Mungu alimpa mmoja kichwa na mwingine macho. Matokeo yake ni mhandisi asiyejua kutazama na mchoraji asiyejua kupima, na kati yao kuna nguzo ambayo watoto wa watu wanapita juu yake kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa.

Nataka jambo dogo. Siku ya kwanza ya kuchora, kabla chuma hakijakatwa, mtu wa rangi akalie kiti chake mezani pamoja na mtu wa hesabu. Aulizwe: rangi hii itastahimili jua na chumvi ya hapa? Itauonyesha ufa au itauficha? Itapatana na mahali? Akishindwa kujibu, atafutwe mwingine. Na mhandisi akiona maswali hayo si ya hadhi yake, naye atafutwe mwingine.